Nafasi na Nafsi: Tahakiki ya Mjadala kuhusu Hanithi, Shoga na Mwadi

Mwaka 1977 mwanaanthropolojia Unni Wikan alichapisha katika jarida la Man makala kuhusu mahanithi wa Sohar, nchini Omani. Alieleza kwamba watu hao, waliozaliwa wanaume, hawavai kanzu nyeupe za wanaume wala nguo zenye nakshi za wanawake, bali kanzu za rangi zisizo na mapambo; na wanawake huketi nao bila kujifunika uso. Wikan alihitimisha kuwa huko ipo jinsia ya tatu. Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa, alipinga hoja hiyo, na mwaka 1987 akaieleza yake kwa kirefu: jinsia ya kuzaliwa haifutwi na mwenendo, na kinachoeleza mengi ni daraja, yaani uhusiano wa maskini na tajiri.

Mjadala huu ulikuwa na faida kubwa, kwa kuwa uliondoa dhana kwamba mambo haya ni mageni katika mwambao wa Bahari ya Hindi. Hata hivyo, una upungufu mmoja. Pande zote mbili zinachunguza nafasi ambayo jamii humpa mtu. Nafsi ya mtu huyo haizungumziwi sana. Shoga akubaliwaye katika ngoma ya arusi ya wanawake amepewa nafasi. Je, amepewa uhuru?

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Sarufi ya Kiswahili, kama ile ya Kiluba, haitenganishi mwanamume na mwanamke. Kiambishi a- cha nafsi ya tatu humhusu kila mtu. Mkazi wa Ankoro, pale mto Luvua uingiapo Lualaba, akisema "anakuya", msikilizaji hajui kama ajaye ni mume au mke, wala hapungukiwi na kitu. Kinyume chake, msamiati huhukumu. Neno "shoga" kati ya wanawake wawili ni neno la mapenzi. Likielekezwa kwa mwanamume hugeuka tusi. "Hanithi", lililotoka katika Kiarabu, na "jikedume", asemwaye mwanamke mwenye mwenendo wa kiume, hayana hata upande huo wa mapenzi. Basi si kweli kwamba lugha inawalazimisha wasemaji kubagua. Wasemaji ndio waliochagua maneno hayo, na wanaweza kuchagua mengine.

Mtu anaweza kujibu kwamba barani hakuna jambo la namna hiyo. Historia ya Waluba inakataa. Mfalme wa Waluba alipofariki, roho yake iliaminika kumwingia mwanamke aliyeitwa Mwadi. Mwanamke huyo alirithi alama za enzi pamoja na wakuu wa marehemu, akaishi katika makao ya ufalme huo na kuheshimiwa kama mfalme mwenyewe. Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts walilifafanua jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1996 juu ya sanaa ya Waluba na kumbukumbu. Hapa mwili wa kike ulibeba utu wa mwanamume, na hakuna aliyemcheka.

Lakini mhakiki asifurahi upesi. Mwadi hakujichagulia cheo hicho, kilimchukua. Aliheshimiwa kwa sababu hakuwa yeye tena, bali marehemu. Hii ni nafasi ya juu kabisa, na huenda ndiyo iliyo mbali zaidi na uhuru wa nafsi.

Mfano wa Sape unaonyesha upande wa pili. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku suti na tai, ukawavisha wanaume abakosti kwa jina la uhalisi wa Kiafrika. Vijana wa Kinshasa, wakiongozwa na Papa Wemba, aliyeanzisha kundi la Viva La Musica mwaka 1977, walijibu kwa mavazi ya fahari. Baadaye walitokea wanawake wa Kinshasa na Brazzaville wanaovaa suti za kiume, tai na kiko mdomoni. Hao hawakupewa nafasi na mfalme wala na mila, walijivika wenyewe. Watu huwashangilia barabarani. Kipimo, hata hivyo, si shangwe ya barabarani, bali ni jinsi wapokewavyo nyumbani, kazini na kanisani, siku ambayo hakuna tamasha.

Kwa hiyo, swali la Wikan na Shepherd, kama jinsia ni mbili au tatu, halitoshi. Kuongeza nafasi ya tatu ni kuongeza chumba katika nyumba ambayo funguo zake bado ziko mkononi mwa mtu mwingine. "Kukubaliwa" ni kitenzi cha kauli ya kutendwa: mtendaji ni jamii, naye akubaliwaye husubiri. "Kuwa" hakuhitaji mtendaji mwingine. Uchunguzi ujao wa Kiswahili, wa mwambao na wa Kongo pia, hauna budi kuanzia kwenye kitenzi hiki cha pili, na kuwasikiliza wahusika wakijitaja kwa maneno yao wenyewe.