Bunduki za Mabomba

Mwanafunzi wa Keroka, penye mpaka wa Kisii na Nyamira, hana haja ya kufundishwa kwamba chuma kikuukuu kina maisha ya pili. Wahunzi wa Abagusii wa kale walifua majembe yaliyouzwa hata kwa Waluo. Na hata sasa mkebe hugeuzwa koroboi, na tairi hugeuzwa viatu. Basi na aitazame kwa jicho la fundi kazi nyingine ya namna hiyo: bunduki za vita vya Mau Mau.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mlima Kenya na Nyandarua hawakuwa na silaha za kutosha. Kwa hiyo bomba la maji likawa mtutu. Komeo la mlango, likivutwa na ukanda wa mpira wa gurudumu, likawa la kuipiga risasi. Kitako kikachongwa kwa mti. Raia wa vijijini na wa Nairobi walipeleka vifaa msituni kwa siri.

Wako waliozicheka bunduki hizo, na wako wanaozisifu kama maajabu, wakisema, "Penye nia pana njia." Hukumu zote mbili zina kasoro. Bomba la maji halikutengenezwa kustahimili baruti. Lilitoa risasi moja tu kabla ya kujazwa tena, wala halikulenga mbali, na pengine lilipasuka likamjeruhi mpigaji. Anayeziita silaha bora anauficha ujasiri wa aliyezishika, ambaye aliujua udhaifu wake na bado akaenda.

Tena tulinganishe. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliwaomba akina mama hadharani watoe sufuria za alumini zitengenezewe ndege. Aliyetoa alipoteza sufuria, akapata heshima. Nchini Kenya, aliyekutwa na bunduki au risasi aliweza kuhukumiwa kifo. Na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa makosa yaliyohusu Mau Mau.

Basi kazi hii haipimwi kwa werevu wa fundi peke yake. Methali ni ya kweli, lakini haikusema yote. Njia ilipatikana, yatupasa kuuliza pia iliwagharimu nini waliopita.