Rojo la Tufaha na Joto la Katikati

Chungu cha umeme cha kupikia polepole huuzwa kwa ahadi moja: weka chakula, funika, nenda kwenye shughuli zako, rudi ukute kimeiva. Kwa makongoro ahadi hiyo inatimia. Kwa matufaha inatimia nusu tu. Ndiyo maana mpishi mmoja anapata rojo laini la rangi ya dhahabu, na mwenzake aliyetumia chungu kilekile anapata rojo la kahawia lenye vinundu vinavyogoma kupondeka hata baada ya saa sita.

Tuanze na tunda. Matufaha yanayouzwa Songea ni ya namna mbili. Yapo mekundu yenye vibandiko, yaliyotoka Afrika Kusini, matamu na yanayofaa kuliwa vivyo hivyo. Yapo pia ya nyanda za juu za jirani zetu, Njombe na Makete, ambako baridi ya Juni na Julai hufikia kugandisha umande, na mtufaha hupata mapumziko unayoyahitaji kabla ya kuchanua. Haya ya jirani mara nyingi ni madogo na yana makovu. Kwa rojo, chukua haya. Makovu yanaondoka na maganda, lakini uchachu unabaki, na rojo lisilo na uchachu ni uji wa sukari. Ukitaka kupunguza ukali, changanya na mekundu machache.

Kilo mbili zikimenywa na kutolewa kokwa hubaki kama kilo moja na nusu hivi, kiasi kinachojaza chungu cha kawaida zaidi ya nusu. Hapo ndipo chungu kinapofanya kazi vizuri, kwa sababu waya wake wa joto umezunguka ubavuni. Ukiweka vipande vichache vilivyotapakaa chini, kingo zitaungua na katikati patabaki pagumu. Kata vipande vya ukubwa unaolingana, kama sentimita mbili, na kila ukikata tumbukiza kwenye maji yenye ndimu.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Seli za tufaha zimegandishwa pamoja na pektini. Joto kubwa huiyeyusha pektini, seli zinaachana, tunda linalainika. Lakini kabla ya kufika huko, tunda hupitia joto la katikati, takriban nyuzijoto 50 hadi 70. Katika joto hilo kimeng'enya kimoja kilichomo ndani ya tunda huchangamka na kuibadilisha pektini ili ishikane na kalisiamu. Kwa hiyo badala ya kulainika, kipande kinakakamaa, na kikishakakamaa hivyo hakirudi nyuma kwa urahisi. Kimeng'enya kingine, kile kinacholifanya tufaha lililokatwa liwe la kahawia, nacho kinaendelea na kazi yake mpaka joto kali likiue. Jiko la mkaa lenye moto mzuri huivusha sufuria hatua hii kwa dakika chache. Chungu cha umeme kinachoanza na vipande vya baridi kinaweza kukaa humo saa nzima au zaidi. Vile vinundu na ile rangi ya kahawia vinatoka hapo, wala si kosa la tunda.

Dawa yake ni kuanza kwa haraka ili uweze kumaliza polepole. Washa chungu mapema kwenye moto wa juu kipate joto, kwa sababu bakuli lake la udongo likimiminiwa kitu cha moto likiwa baridi linaweza kupasuka. Wakati huohuo weka vipande kwenye sufuria na nusu kikombe cha maji na maji ya ndimu moja, funika, chemsha kwa moto mkali mpaka mvuke utoke kwa nguvu na vipande vipate joto hadi ndani. Geuza mara moja au mbili. Kisha mimina vyote kwenye chungu, funika, punguza moto. Kuanzia hapo ndipo chungu kinapoonyesha ubora wake: saa tatu mpaka nne bila kuungua, bila mtu kusimama na mwiko.

Nusu kikombe cha maji kinatosha. Tufaha lenyewe zaidi ya asilimia 80 ni maji, na kifuniko cha chungu hakiachi mvuke utoke, kwa hiyo kila tone unaloongeza utalikuta palepale mwishoni. Usifunue kuchungulia; joto linalopotea kwa kufunua mara moja huchukua muda mrefu kurudi. Rojo likiwa jepesi mno, kifuniko kiwekwe upande katika nusu saa ya mwisho.

Sukari nayo ina wakati wake. Ikiingia mapema huifanya pektini izidi kushikilia, hivyo subiri vipande vilainike kwanza. Asali ya misitu ya huku kwetu inakaa vizuri sana na uchachu wa tufaha la Njombe, ila rojo la mtoto aliye chini ya mwaka mmoja lisitiwe asali kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda. Kijiti kimoja cha mdalasini kinatosha, na kitolewe baada ya saa moja, maana ndani ya chungu kilichofunikwa harufu haina pa kwenda. Iliki mimi siitii, inalifunika tunda.

Kuna wakati mji huu usingeweza kukiamini chungu cha namna hii. Songea iliishi kwa jenereta za dizeli, baadaye ikaongezewa nguvu na mtambo wa maji wa Tulila wa masista Wabenediktini wa Chipole, ulioanza 2015 ukiwa na uwezo wa megawati 5. Njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako ilituunganisha na gridi ya taifa 2018. Chungu cha wati 250 kikikaa saa nne hula uniti moja tu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usifunue: kizungushie blanketi, na usipochelewa kurudi kitaendelea kuiva kwa joto lake, kama kikapu cha kupikia. Ukichelewa, malizia kwenye mkaa.

Ponda kwa mwiko. Blenda huingiza hewa na kulifanya rojo kuwa povu lisilo na umbo. Likipoa, weka kwenye friji ulimalize ndani ya wiki. Anayetaka kulihifadhi kwenye chupa za kioo zenye vifuniko vipya akumbuke kwamba Songea iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu nyuzijoto 96. Chupa ya nusu lita, iliyojazwa rojo likiwa bado la moto, ambayo pwani huchemshwa dakika 15 ndani ya maji, hapa ichemshwe 20. Lile lisilotiwa sukari liwekee kitimoto cha kuchoma: uchachu wake unakata mafuta kuliko pilipili peke yake.