Mchawi Mezani na Watu wa Kumpindua

Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, wachezaji wake wamekuwa na ugomvi mmoja usiokwisha: mchawi anawazidi wenzake. Watu wanne wamekaa mezani, kila mmoja na mhusika wake. Huyu askari, huyu mwizi, huyu kuhani, huyu mchawi. Dadu zinarushwa, mwongoza mchezo anasimulia. Katika ngazi za mwanzo mchawi hulindwa kama yai. Katika ngazi za juu wale waliomlinda wamegeuka wasindikizaji.

Wengi hulijadili jambo hili kwa kuhesabu majeraha: nani anaua haraka zaidi. Hesabu hiyo ina nafasi yake, ila haifiki kwenye kiini. Mimi huuliza maswali mawili. Mchawi akitenda, nani anaweza kukitangua alichotenda? Na yeye mwenyewe kimemgharimu nini? Maswali hayo yamefikiriwa kwa kina kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia uwanda wa juu wa Mueda hadi pwani ya Mocímboa da Praia na Palma, kuliko katika kitabu chochote cha kanuni nilichokisoma.

Tuanze na kanuni za zamani, maana zilikuwa na busara ambayo baadaye ilitupwa. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, uhai wa askari ulipigwa kwa dadu ya pande 10, wa mchawi kwa dadu ya pande 4. Mchawi hakuvaa deraya. Ngazi ya kwanza alikuwa na uganga mmoja tu, akishautumia unafutika kichwani mwake mpaka apumzike na kuusoma upya. Wazo hilo Gygax alilitoa kwa mwandishi Jack Vance, katika The Dying Earth ya mwaka 1950. Kuusoma upya kulichukua dakika 15 kwa kila daraja la uganga. Akipigwa wakati bado anatamka, uganga umeharibika na nafasi imepotea. Hata kupanda ngazi kulimgharimu zaidi: mwizi alihitaji pointi 1,251 kufika ngazi ya pili, mchawi 2,501.

Mcheza bao yeyote kutoka Kilwa hadi Mocímboa ataitambua akili hiyo. Nyumba ndiyo hazina ya mchezaji, inalindwa namu nzima, yaani hatua ya mwanzo ya mchezo, na kete zake zinaongezeka. Lakini ikishachezwa imeisha hadhi yake na hairudi tena, na adui akiwahi kuila, mchezo umeelemea upande mmoja. Nguvu kubwa, ya mara moja, na iko wazi kuporwa. Mchawi wa 1978 alijengwa hivyo.

Naye alikuwa mkali. Tufe lake la moto lilirusha dadu moja ya pande 6 kwa kila ngazi: akiwa ngazi ya 10, wastani ni majeraha 35 kwa kila aliye ndani ya duara. Askari wa ngazi hiyo alipiga mapigo matatu kwa raundi mbili, na upanga wa dadu ya pande 8 ukampa wastani wa 4.5 kwa pigo lililompata adui, kabla ya nyongeza zake. Pengo ni kubwa, lakini kulikuwa na kizuizi ambacho wahesabuji wengi hukisahau. Askari wa ngazi ya kwanza, ili auepuke uganga, alihitaji kupata 17 au zaidi kwenye dadu ya pande 20. Akifika ngazi ya 17 alihitaji 6 tu. Kadiri mchawi alivyokua, ndivyo mashujaa wakubwa walivyozidi kuwa wagumu kurogeka. Na baadhi ya uganga ulikula umri: wa kuongeza kasi ulimzeesha mwaka mmoja kila aliyefanyiwa.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, liliyang'oa mengi ya hayo kwa nia njema ya kurahisisha. Pointi za kupanda ngazi zikawa sawa kwa wote. Mchawi akapewa ustadi wa kutamka uganga katikati ya mapanga bila kuvurugwa. Ugumu wa kuuepuka ukaanza kupanda pamoja na akili yake na daraja la uganga, huku ukakamavu wa moyo wa askari ukipanda polepole nyuma. Akaweza pia kutengeneza fimbo yenye matumizi 50, kwa hiyo uhaba uliokuwa ukimbana ukawa jambo la fedha tu. Hapo ndipo mchawi alipovuka mpaka, na sioni jinsi ya kulitetea toleo hilo.

Hata bila hayo, mchawi ana upendeleo mwingine uliojificha. Kila ngazi humwongezea askari tarakimu, ilhali mchawi humwongezea aina mpya za mambo: leo anafungua kufuli bila mwizi, kesho anapaa juu ya ukuta, baadaye anahama nchi kwa neno moja. Mwongoza mchezo akiandaa safari ya hatari kupitia msitu, mchawi anaifuta safari yenyewe. Tarakimu za askari haziwezi kujibu hilo hata ukiziongeza maradufu.

Sasa twende Mueda. Mwanaanthropolojia Harry West, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1990, aliandika mwaka 2005 kitabu kizima juu ya kitendo ambacho Wamakonde hukiita kupilikula, yaani kuupindua uchawi wa mwingine na kuurudisha kwake. Walivyomweleza wenyeji, mchawi huingia upande usioonekana na kutoka huko kuutawala huu tunaouona. Lakini hayuko peke yake. Mganga naye huingia huko huko, humwona, na kupindua alichofanya. Zamani mkuu wa kijiji mwenyewe aliaminiwa kuwa na elimu hiyo, na kazi yake ilikuwa kuwatazama wengine na kuwaonya. Nguvu ilikuwa na mlinzi wake, na mlinzi alijulikana kwa jina na kwa cheo.

Baada ya uhuru wa mwaka 1975, serikali ya FRELIMO iliupiga vita uganga ikiuita ujinga wa kale, ikawaondoa wakuu wa jadi, ikawakusanya watu katika vijiji vya jumuiya. Wenyeji hawakuacha kuamini kwamba wachawi wapo. Waliona kwamba waliokuwa wakiwazuia ndio walioondolewa, na wengi walimwambia West kuwa uchawi umeongezeka. Msomaji si lazima aamini uchawi ili auone muundo: ukiondoa kizuizi na kuiacha nguvu, watu wataishi wakihisi wameelemewa. Waandishi wa toleo la 2000 walifanya hivyo hivyo juu ya karatasi.

Hapa lazima tutofautishe meza na maisha, na nalisema kwa uzito wote. Mwaka 2002 na 2003 wilayani Muidumbe, jirani na Mocímboa da Praia, simba waliua watu wengi, na umati ukawaua binadamu waliotuhumiwa kuwatengeneza simba hao. Tuhuma ndiyo silaha rahisi kuliko zote. Haihitaji elimu yoyote, na huangukia asiye na wa kumtetea. Yeyote atakayetunga mchezo kutokana na imani za pwani hii asiifanye tuhuma kuwa burudani. Kupindua kunaweza kuingia kanunini bila kumsaka mtu.

Pwani, mbele ya bahari, kuna jambo jingine ambalo nadhani ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa mtunga michezo. Kinga ya uganga hubebwa na asiye mganga. Mvuvi huvaa hirizi; mgonjwa hunywa kombe, maandishi ya aya yaliyooshwa kwa maji. Huyo mvuvi hajasoma elimu ya siri hata siku moja, lakini anatembea na jibu mwilini mwake. Linganisha na toleo la 2014 la Dungeons & Dragons: humo kuna uganga wa kutangua uganga, tena papo hapo, lakini anayeweza kuutumia ni mjuzi wa uganga mwenzake. Askari anakaa akitazama wawili wakipinduana. Mpe askari hirizi halisi, yenye nguvu ya kukataa uganga mkubwa mara moja, na meza nzima itabadilika.

Upande wa gharama, nchi hii imetufundisha mwiko. Wanaparama wa Manuel António, waliopigana na waasi wa Renamo mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, walichanjwa dawa ya kuzuia risasi na kupewa masharti, likiwemo la kutorudi nyuma vitani. António mwenyewe aliuawa mwaka 1991. Mwaka 2022 kundi la jina hilo lilizuka tena kusini mwa Cabo Delgado, Balama na Namuno, dhidi ya waasi wa kijihadi. Ng'ambo ya Ruvuma, maji ya kinga ya Kinjeketile, katika vita vya Maji Maji, yalikuja na miiko pia, na tarehe 30 Agosti 1905 maelfu walikwenda nayo mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani huko Mahenge.

Kama kanuni ya mchezo, mwiko unaibana nguvu vizuri kuliko hesabu ya nafasi, kwa sababu unaamuru mwenendo: mchawi asiyeweza kurudi nyuma atafikiri mara mbili kabla ya kuanza vita. Lakini kasoro yake ni kubwa. Dawa ikishindwa, husemwa kwamba aliyekufa alivunja mwiko, na dawa yenyewe haiguswi. Mezani hilo halikubaliki. Mwiko uandikwe kabla dadu hazijarushwa, kila mchezaji auone, na mwongoza mchezo asiwe na ruhusa ya kuubuni baada ya tukio.

Tukirudi kwenye matoleo ya mchezo, la nne, la 2008, lilijaribu kuwafanya wote wafanane, kila mhusika akipewa mbinu za kila mara, za kila pambano na za siku. Uwiano ukapatikana na ladha ya uchawi ikapotea. La 2014 ni bora: mchawi hushikilia uganga mmoja tu kati ya ule unaotaka umakini, na akijeruhiwa hurusha dadu asiupoteze. Katika mapigano, hapo nakubali, amerudishwa karibu na wenzake. Nje ya mapigano bado amewazidi, na atabaki hivyo mpaka askari na mwizi wapewe cha kumpindua.