Dhambi na Mipaka ya Parokia: Tashtiti katika Four Last Things

Fasihi simulizi imetufunza kwamba hadhira si watazamaji watupu. Huitikia, humkatiza fanani na kuimba kiitikio. Hata hivyo, hadhira ya ngano haimtumi sungura kuiba. Sungura ataiba hata wasikilizaji wakinyamaza. Makala haya yanachunguza mchezo mfupi wa kompyuta ambamo hali ni kinyume, kwani kitendo hakitendeki mpaka hadhira yenyewe ikitende. Mchezo huo ni Four Last Things, uliotungwa na Mwingereza Joe Richardson na kutolewa mwaka 2017. Hoja yetu ni kwamba tashtiti yake hupata makali kutokana na utiifu wa mchezaji kuliko maneno ya mzaha yaliyomo.

Kifani, mchezo huu ni wa kuelekeza kishale na kubofya. Hauhitaji wepesi wa mkono. Mchezaji huzungumza na wahusika, huokota vitu, na hufumbua mafumbo kwa kukitumia kitu mahali panapofaa. Kwa saa chache atakuwa amefika mwisho. Mandhari na wahusika wamekatwa kutoka katika picha za wachoraji wa enzi ya Mwamko wa Ulaya, wakapangwa upya na kutiwa mwendo. Mtunzi anafanya afanyavyo fanani anayerithi visa vya wahenga na kuviunga kwa nia mpya. Wahusika wana sura za kale zenye haiba ya ibada, lakini wanazungumza kwa kejeli ya watu wa leo. Kicheko cha kwanza kinazaliwa katika mgongano huo.

Msuko wenyewe ni sahili. Mhusika mkuu ametenda dhambi na anataka kuondolewa. Kanisa linamhakikishia kuwa kila dhambi yaweza kusamehewa, lakini zake zilitendwa katika parokia nyingine. Suluhisho ni moja tu: azitende upya, vichwa vyote saba vya dhambi, ndani ya mipaka ya parokia hii, ndipo apate msamaha. Basi mtu aliyekuja kutubu anatumwa kwenda kutafuta majivuno, uchoyo, uzinifu, hasira, ulafi, kijicho na uvivu. Hata uvivu umekuwa kazi aliyopangiwa mtu!

Mbinu hii si ngeni kwetu. Katika hadithi za Abunuwasi, jirani aliyekubali kwamba sufuria imezaa hana budi kukubali pia kwamba sufuria imekufa. Kanuni inavutwa hadi inapokatika. Tofauti ni kwamba Abunuwasi huigeuza kanuni dhidi ya aliyeipokea kwa tamaa, ilhali mhusika wa Richardson haigeuzi. Anaitii tu hadi mwisho, na utiifu huo ndio unaoihukumu kanuni. Kwa kuwa hatendi lolote bila kidole cha mchezaji, mchezaji naye anatiwa katika hukumu hiyo. Kila abofyapo anathibitisha kwamba yu tayari kutenda ovu mradi ameelekezwa na ofisi.

Hapa jina la mchezo lina uzito. Limetokana na picha inayonasibishwa na Hieronymus Bosch, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Prado, Madrid, ambayo huonyesha vichwa saba vya dhambi pamoja na mambo manne ya mwisho: kifo, hukumu, mbinguni na motoni. Dhambi hizo zimepangwa kuzunguka jicho la Mungu linaloona yote. Katika mchezo, mamlaka ya jicho hilo yamehamia kwenye mpaka wa parokia. Jicho halijui mpaka; ofisi haijui kitu kingine. Kwa hiyo wanaodhani kwamba mchezo unaikejeli imani wanakosea shabaha. Kinachokejeliwa ni imani iliyogeuzwa utaratibu wa karatasi, na msomaji yeyote aliyewahi kuambiwa arudi alikozaliwa ndipo ahudumiwe atalitambua jambo hilo bila kufafanuliwa.

Kazi hii haikosi dosari. Mchezaji hana njia ya kukataa. Akikataa kutenda dhambi, mchezo unasimama, na utiifu usio na mbadala ni ushahidi dhaifu wa hatia. Yamkini Richardson aliligundua pengo hili, kwani katika The Procession to Calvary ya mwaka 2020 mhusika mkuu ana upanga, na mchezaji anaweza kumuua anayemzuia badala ya kufumbua fumbo. Huko uchaguzi upo, na hatia inakuwa ya mchezaji kweli. Hata hivyo, Four Last Things ina umoja wa wazo: kisa kimoja, kanuni moja, upuuzi mmoja uliofikishwa kikomo.

Je, kazi ya namna hii inamhusu mhakiki wa fasihi? Kwa maoni yetu, inamhusu. Ina msuko, usawiri, kinaya na hadhira, na hadhira hiyo imepewa wajibu ambao riwaya haiwezi kuutoa. Tukiiachia mafundi wa kompyuta peke yao, tutakuwa tumetumia hoja ileile ya karani wa parokia: kwamba jambo limetendeka nje ya mipaka yetu.