Marubani Kumi na Sita, na Mdisho

Katika “Going Solo”, kitabu kilichotoka mwaka 1986, Roald Dahl anasimulia alivyoacha kazi ya Shell Dar es Salaam mwishoni mwa 1939, akaenda Nairobi kujifunza urubani wa vita. Wenzangu tunaosoma pamoja hapa Asiatique huisifu sana sura hiyo, na sababu naiona.

Dahl hajikwezi. Alikuwa mrefu mno kwa ndege ndogo ya Tiger Moth. Kichwa kilipita kioo cha mbele, upepo ukamziba pumzi, hata akajifunga kitambaa puani na mdomoni. Baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo angani, akaachiwa ndege peke yake. Kisha, katikati ya furaha ya kutazama wanyama wa porini kutoka juu, anatuambia kwamba walikuwa vijana 16, na 13 kati yao walikufa angani ndani ya miaka miwili. Halii. Anataja hesabu tu, nayo inatosha.

Lakini kabla ya sura hiyo kuna kisa cha Mdisho, mtumishi wake. Vita vilipotangazwa, Mdisho alichukua upanga wa bwana wake ukutani, akakimbia usiku, akamuua Mjerumani mwenye shamba la mkonge. Alirudi akitaraji sifa. Akaambiwa asimwambie mtu, na baadaye akapewa ule upanga. Kazi ni ile ile, kumuua adui. Ila mmoja hupewa ndege na mwalimu, mwingine hupewa upanga na siri. Dahl hatuhubirii, anatuachia tuone. Hapo namvulia kofia.

Nina lawama moja. Dahl alijua Kiswahili, lakini kabila la Mdisho ameliandika “Mwanumwezi”, hadi kwenye jina la sura. Wenzangu wanasema ni kosa dogo la herufi. Mimi nasema aliyetunza dakika zake 40 kwa karibu nusu karne angeweza pia kuulizia jina la watu wa Mdisho. Rubani ana daftari la kuandikia saa zake. Mdisho hakuwa na daftari ila kitabu hiki.

Wapo wanaoshuku kwamba kisa chenyewe kimetiwa chumvi. Hata kama ndivyo, Mnyamwezi ni Mnyamwezi. Katika nakala tunayozungushiana nimelisahihisha jina hilo, kwa kalamu ya wino.