Kuchambua Kahawa, Kuchambua Msimbo

Msimu wa kahawa, mama alikuwa akinituma kiwandani na debe la matunda mekundu. Kabla ya kufika kwenye mizani kuna turubai. Unamwaga kahawa yako mbele ya majirani, unapiga magoti, unaondoa mbichi, zilizokaushwa na jua na zilizotobolewa na wadudu. Karani akiona mbichi imebaki hana maneno mengi: "Rudia." Nawe unarudia, huku jirani aliyemaliza akikutazama.

Nilikuja kuikumbuka turubai ile miaka mingi baadaye, katika chumba cha kupanga hapa Kerugoya, nilipoanza kutuma marekebisho kwenye programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuutumia na kuurekebisha kwa kufuata leseni. Wengi hudhani ufundi wote uko katika kuandika msimbo. Mimi nasifia barua fupi inayoandamana nao: kosa liko wapi, nimelionaje, nimebadilisha nini, nimejaribuje. Baada yake huja kungoja, na kukataliwa hadharani.

Chukua OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ulianzishwa mwaka 2004 na wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, waliokuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, ambako wagonjwa wa Ukimwi walikuwa wengi kuliko makaratasi yalivyoweza kuhimili. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake. Sasa, ukituma badiliko lako saa tatu asubuhi ukiwa Kerugoya, Indiana bado ni usiku wa manane. Atakayelisoma amelala. Barua ikiwa na utata, swali lake litakufikia jioni, jibu lako alisome wewe ukiwa usingizini, na siku nzima imeliwa na sentensi moja mbovu. Basi unajifunza kuandika ukiyawazia maswali ya mtu usiyemwona, ambaye pengine Kiingereza alijifunza darasani kama wewe. Hata mzaha unaupima. Unaochekesha stendi ya matatu ya Kutus unaweza kuwa tusi kwingine.

Badiliko langu la kwanza, katika mradi nisioutaja, lilirudishwa. Mpitiaji alishukuru, kisha akauliza kwa nini nimebadilisha majina ya vitu visivyohusiana na kosa nililokuja kurekebisha. Nikaandika jibu kali sana. Kabla sijalituma, umeme ukapotea, na mtandao nao. Asubuhi nilipolisoma tena niliona haya, nikalifuta, nikayarudisha majina yote kama nilivyoyakuta.

Wakubwa nao huteleza. Linus Torvalds, aliyeanzisha mfumo huria wa Linux mwaka 1991 na Git mwaka 2005, aliomba radhi Septemba 2018 kwa ukali wa barua zake, akakaa kando kwa muda. Na Git hiyo ndiyo inayohifadhi kila badiliko na maelezo yake, kwa jina la mtu na tarehe.

Kumbukumbu hizo ndizo mwajiri anazozitamani. Cheti humwonyesha umefaulu mtihani. Hakimwonyeshi utafanya nini mwenzako akisema kazi yako ina dosari, wala kama unaweza kumwambia mkubwa wako amekosea bila kumvunjia heshima. Ingawa, tuseme ukweli, mwenye watoto wa kulisha na kibarua cha mpunga Mwea hana jioni za kufanya kazi ya bure, na mwajiri anayemhukumu kwa hilo hajui anachokipima.

Mimi nilikuwa nazo jioni hizo. Katika usaili mmoja Nairobi, meneja alifungua mjadala wangu wa zamani kwenye kompyuta yake, akaugeuza nione. "Hapa ulikubali kuifuta kazi ya wiki mbili. Hukukasirika?"

Nilimwambia nilikasirika sana, nikalala, nikaamka nikaona njia ya mchangiaji mwingine ilikuwa fupi kuliko yangu. Kisha, sijui kwa nini, nikamsimulia habari ya turubai. Akacheka. Kwao ni Murang'a. Akaniuliza mama hupeleka kahawa kiwanda gani, na kama mwaka ule walilipwa vizuri.