Gololi Zinazolika Polepole

Katika miaka ya 2000, makinikia ya shaba na fedha kutoka mgodi wa Dikulushi, uliokuwa chini ya kampuni ya Anvil Mining, yalifikishwa Kilwa upande wa Kongo, yakavushwa Ziwa Mweru kwa tishari hadi Nchelenge upande wa Zambia, kisha malori yakaendelea nayo. Mzigo wenyewe hauna mvuto machoni. Kinachonivutia mimi ni usagaji wa mwamba unaoyatangulia makinikia, na hasa gololi za kusagia, ambazo sifa yake njema ni kutoacha mabaki yake ndani ya unga.

Mwamba hutiwa kwenye pipa la chuma lililolazwa, pamoja na maji na gololi za kujaza theluthi hivi ya nafasi. Pipa likizunguka, gololi hupanda na ukuta, halafu huporomoka. Likienda polepole mno hubingirika tu. Likizidi kasi hung'ang'ania ukutani, zisisage chochote. Kasi nzuri ni kama robo tatu ya ile inayozigandisha. Fundi mzoefu husikiliza: mlio mkali wa gololi kugonga ukuta mtupu humwambia kinu kina njaa, sauti ikififia, ajue kimevimbiwa.

Wachimbaji wadogo wa Geita, kwenye makarasha yao, hutumia gololi za chuma. Ni nzito, lakini hulika, na kinachomeguka hubaki kwenye unga. Kwa dhahabu si hoja sana. Kwa vigae vyeupe ni madoa. Na kwenye madini ya salfa, chuma huchafua uso wa chembe hata dawa za kuzielesha zisishike vizuri. Viwanda vya kauri vya Ulaya viliwahi kutegemea kokoto za gumegume zilizosuguliwa na bahari kwenye pwani za Denmark na Ufaransa. Bahari ni fundi mzuri, ila haipokei oda.

Gololi ya kauri ya alumina, badala yake, hukuzwa. Punje ndogo huzungushwa kwenye chombo, ikinyunyiziwa maji na unga kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Unyevu ukikosewa, tabaka hazishikani, na gololi itabanduka kazini kama kitunguu. Kisha tanuri. Chungu kinachochomwa kwa kuni mahali pa wazi kwa kawaida hakifiki nyuzi 1,000; gololi hii huhitaji karibu 1,500 au zaidi, ikinywea hadi vitundu vya ndani vizibe.

Gololi ya zirkonia, kauri nyingine, ina ujanja ambao bado hunistaajabisha. Mwaka 1975 Garvie, Hannink na Pascoe waliueleza katika jarida la Nature: baadhi ya fuwele hubanwa katika umbo lisilo lake la kawaida. Ufa ukizikaribia, hufunguka na kuvimba kwa asilimia chache, zikaubana ufa usiendelee.

Ukubwa nao una hesabu yake. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, uzito uleule hutoa gololi mara nane na eneo la kusagia maradufu, ila kila moja hugonga kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo fundi hazitupi zilizopungua. Huongeza mpya kubwa za kuvunjia vipande, na zile kuukuu huendelea kulainisha chembe hadi gololi zenyewe ziwe ndogo kiasi cha kupita kwenye wavu wa kutokea.